Santuri haina sura

Mwezi uliopita mtoto wa kaka yangu aliimba sebuleni kwao hapa Malindi, mtandio kichwani, na mwenzake akamrekodi kwa simu. Walikuwa wakijitayarisha kwa harusi ya Mambrui. Wimbo ule ukatoka simu moja ukaingia nyingine, na kabla ya adhana ya alfajiri ulikuwa umefika Takaungu, Mombasa, na kwa jamaa zetu walioko Maskati. Wa kwanza walisikiliza, wakasifu sauti. Waliofuata wakaanza kumtazama. Huyu akasema pua, yule akasema rangi, mwengine akauliza ni mtoto wa nani. Mmoja, ambaye simtaji, akaandika asili ya babu yake mzaa mama kwa neno ambalo siku hizi hatulitamki hadharani, ingawa sote twalijua.

Siku ya harusi binti hakwenda. Alijifungia chumbani, akaufuta wimbo kwenye simu yake, kana kwamba hilo lingeufuta kwenye simu za watu.

Mimi ni shangazi yake, na kesi kama hizi huletewa mashangazi. Nilikwenda na bakuli la kaimati, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Sikumpa nasaha, maana nasaha alikuwa ameshapewa na nyumba nzima. Nilimsimulia maisha ya mwanamke mmoja wa Unguja aliyetukanwa kwa mambo yale yale miaka mia iliyopita. Niliyomwambia yeye ndiyo ninayowaandikia leo, wasomaji wangu.

Nyumbani kwa nyanya yangu, mtaa wa Shela hapa Malindi, kulikuwa na santuri ya kutia ufunguo. Sahani zake zilikuwa nyeusi, nzito, ukiiangusha moja huvunjika kama kigae. Baadhi yake zilikuwa na picha ya mbwa anayesikiliza kinanda, chapa ya His Master's Voice. Mwanamke aliyeimba ndani ya sahani zile ni Siti binti Saad. Nilikuwa mtoto, na kwa sauti ile nilijichorea Siti wangu akilini: mrefu, mweupe, nywele zimemwagika mgongoni, dhahabu mkononi hadi kwenye kiwiko. Nilipokuwa mtu mzima nikaiona picha yake. Alikuwa mwanamke mweusi wa makamo, uso wa kawaida kabisa, mfano wa wanawake ninaowakuta sokoni kila siku. Naungama kwamba nilivunjika moyo, kisha nikaona haya kwa kuvunjika moyo.

Siti alizaliwa yapata mwaka wa 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Baba yake Saad alikuwa na asili ya Unyamwezi, mama yake asili ya Uzigua. Jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa. Halikuwa jina la kutaniwa, ilikuwa ndiyo zama yenyewe. Utumwa haukufutwa kisheria Unguja mpaka mwaka wa 1897, na huku kwetu pwani ya Kenya mpaka mwaka wa 1907. Tusijifanye hatujui. Mashamba ya mtama na ufuta yaliyoitajirisha Malindi katika karne ile ya 19 yalilimwa na watu waliokuwa na majina kama hilo, na wajukuu wao tunasali nao safu moja. Siti ni jina alilolipata baadaye, na maana yake ni bibi, mwanamke wa heshima. Alivuka kutoka jina moja hadi jingine, na kilichomvusha ni koo lake.

Shule hakusoma. Kwao walikuwa wafinyanzi, na yeye alijifunza udongo kwa mama yake. Vyungu na mitungi ikishachomwa, alijitwika akaenda kuiuza mjini, akiinadi kwa wimbo njia nzima. Watu walianza kumjua kwa sauti kabla hajafika mlangoni. Hebu tulikumbuke hili: mwalimu wake wa kwanza wa kuimba alikuwa mzigo wa vyungu kichwani. Mwenye kuimba huku ametwikwa hujua kutawala pumzi yake.

Mwaka wa 1911 akahamia mjini moja kwa moja. Alikuwa amekaribia au amepita miaka 30, umri ambao majirani zetu hapa wangesema mwanamke ameshachelewa kuanza jambo lolote. Mjini akakutana na Muhsin Ali, mwanamuziki aliyejua kazi yake, ambaye alimsikia akamchukua kumfunza. Akajifunza matamshi ya Kiarabu, mahadhi, na jinsi ya kuimba pamoja na ala. Muhsin akamjulisha kwa wenzake, na taratibu kikawa kikundi. Majina yao yastahili kutajwa: Subeit bin Ambar, Budda bin Mwendo, Mbaruku Talsam na Maalim Shaaban. Katikati ya wanaume hao alikaa mwanamke mmoja, mfinyanzi wa Fumba.

Ili mwelewe ukubwa wa jambo hilo, yafaa tujue taarabu wakati huo ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya majumba makubwa. Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia mwaka wa 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim mpaka Misri kujifunza kanuni, ili burudani ya Cairo isikike katika kasri lake. Mwaka wa 1905 vijana wa mjini wakaunda chama cha Ikhwani Safaa. Hao wote walikuwa wanaume na waliimba kwa Kiarabu. Wengi waliosikiliza walipenda sauti bila kufahamu maneno. Wanawake walikuwa na nyimbo zao za lelemama na za harusini, lakini hizo hazikuhesabiwa pamoja na taarabu ya kasri.

Siti alijua kuimba kwa Kiarabu, na akaalikwa kwenye majumba hayo hayo. Lakini kazi yake kubwa ni kuichukua taarabu akaiimba kwa Kiswahili. Mpishi aliyekuwa jikoni akaelewa. Mchukuzi wa bandarini akaelewa. Mke aliyekuwa nyuma ya pazia akasikia jambo lake likisemwa. Alipokaa Ng'ambo, upande wa mji walikoishi watu wasiokuwa na majumba ya mawe, nyumba yake ikawa mahali pa kukutana usiku, habari za siku zikapikwa zikawa nyimbo.

Mfano ni wimbo wa Kijiti, mashuhuri hadi leo. Unatokana na kisa cha kweli. Mwanamke mgeni alitolewa kwenda kustarehe, akauawa. Muuaji akavuka bahari akakimbilia bara. Mkono wa sheria ukawaangukia wanawake waliokuwa pamoja na marehemu, wale ambao wangekuwa mashahidi. Siti na wenzake wakalifanya jambo hilo wimbo, likaimbwa mitaani na watu ambao mahakamani wasingepewa hata nafasi ya kukaa. Gazeti la Kiswahili lenye kusema hayo kwa ajili ya wanyonge halikuwako, basi likawa ni koo lake.

Sasa nifike kwenye santuri, maana ndiyo iliyonifanya nimkumbuke Siti kwa ajili ya binti yetu.

Mwaka wa 1928 kampuni ya His Master's Voice ilimchukua Siti na kikundi chake mpaka Bombay kurekodi. Alikuwa na miaka 48 hivi. Anatambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kutiwa sauti katika santuri. Wimbo wa taarabu ulioweza kuchukua sehemu nzuri ya usiku, waimbaji wakirudia beti na wasikilizaji wakitunza, sasa ilibidi uishe kwa dakika kama tatu, kwa sababu upande mmoja wa sahani haukubeba zaidi ya hapo. Hakuna wa kutunza, hakuna kigelegele, ni chumba kigeni na mtambo wa kunasa sauti. Aliyezoea kuwaimbia watu anaowaona alilazimika kuwaimbia watu asiowajua na asiowaona.

Ajabu ni kwamba katika mji ule ule, mwaka ule ule, kulikuwa na mwanamke mwengine maarufu ambaye mambo yake yalikuwa kinyume kabisa cha Siti. Jina lake la kuzaliwa ni Ruby Myers, na katika sinema alijulikana kwa jina la Sulochana. Kabla ya sinema alikuwa mwajiriwa wa simu, yaani kazi yake ilikuwa sauti tupu. Kisha akaingia kwenye filamu bubu, na humo sauti haikutakiwa, ni uso tu. Mwaka wa 1928 alicheza katika Anarkali, na India nzima ilimjua kwa sura. Mwaka wa 1931 ikatoka Alam Ara, filamu ya kwanza ya India yenye sauti, na ghafla waigizaji wote wakatakiwa waseme. Sulochana hakuwa hodari wa Kihindustani. Ilimbidi aache kazi kwa muda akajifunze lugha upya, kisha akarudi, na mwaka wa 1935 akaicheza Anarkali tena, safari hii ikiwa na maneno.

Wazo lile halinitoki. Sulochana alipendwa kwa uso mpaka alipotakiwa kuonyesha sauti. Siti alidharauliwa kwa uso mpaka ilipokuja mashine isiyokuwa na uso. Santuri haina sura. Sahani iliyoteremshwa bandarini Mombasa, ikapakiwa tena ikaletwa Malindi na Lamu, haikubeba rangi ya mwimbaji, wala pua yake, wala jina la babu yake. Nyanya yangu aliinunua kwa sauti iliyokuwa ndani yake. Na alikuwa mwanamke mwenye kupenda kujua nasaba za watu, mimi nawaambia, lakini kwa Siti hakuuliza.

Wala hakuwa peke yake. Kufikia mwaka wa 1931 santuri za Kiswahili zaidi ya 70,000 zilikuwa zimeuzwa Afrika Mashariki. Fikirini ni watu wangapi wakati huo waliokuwa na fedha za kununua santuri, kisha mhesabu majirani waliokaa barazani kusikiliza ya mwenzao. Nyimbo ambazo Siti na wenzake walirekodi katika miaka hiyo michache hutajwa kuwa zaidi ya 250. Kampuni nyingine, kama Odeon na Columbia, zilipoona biashara hiyo nazo zikaja pwani kutafuta waimbaji wa Kiswahili. Baadaye dhiki ya uchumi ya miaka ya 1930 ikaikaba biashara ya santuri dunia nzima, na safari za kurekodi zikapungua. Lakini mlango ulikuwa umeshafunguka. Wafanyabiashara walikuwa wamejifunza kwamba Kiswahili kinauzika, na watu wetu walikuwa wamejifunza kwamba lugha yao inafaa kutiwa katika chombo cha thamani kama zilivyotiwa za wengine.

Msidhani sifa hizo zilimkinga. Kadiri jina lake lilivyopanda, ndivyo wenye ndimi walivyozidi. Walimtungia kejeli kuhusu sura yake na asili yake. Wakamkumbusha vyungu, wakamkumbusha Fumba, wakashangaa mtu wa kutoka shamba kuja kukaa mbele za watu. Alikuwa na njia tatu: kunyamaza, kugombana, au kuimba. Akaimba. Alitoa wimbo wa kujibu, na maana yake kwa ufupi ni kwamba uzuri wa umbo si hoja, mtu hupimwa kwa tabia na akili aliyopewa. Hakulitaja jina la mtu. Wimbo ule umekaa mpaka leo. Majina ya waliomcheka hayajulikani, hata mimi niliyewatafuta kwa uchungu siwezi kuwataja.

Siti aliendelea kuimba hata alipokuwa mtu mzima sana. Siku zake za mwisho alimsimulia maisha yake Shaaban Robert, naye akayaandika katika kitabu cha Wasifu wa Siti binti Saad. Hebu lione hilo: mwandishi mkubwa kuliko wote wa Kiswahili wa zama zake alikaa chini kumsikiliza mwanamke asiyesoma, akaona maisha yake yanastahili kitabu kizima. Tarehe 8 Julai 1950 Siti akafariki Unguja.

Walioirithi kazi yake twawajua. Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, alizikuta nyimbo za Siti akiwa msichana, akazibeba mpaka alipofariki mwaka wa 2013. Huku kwetu, katika miaka ya 1970 na 1980, Zuhura Swaleh na Malika walipokuwa wakitikisa harusi za Mombasa, walikuwa wakipita njia ambayo mwanamke wa Fumba aliifyeka. Na wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, walipoanzisha jarida la kutetea wanawake, walilipa jina la Sauti ya Siti. Katika vyote alivyokuwa navyo, walichagua sauti.

Hayo ndiyo niliyomsimulia binti yetu, kaimati zikapoa. Alisikiliza kimya. Swali lake la kwanza lilikuwa Siti alikuwa na umri gani alipokwenda Bombay. Nilipomwambia 48 alicheka, kwa mara ya kwanza tangu yale yampate. Yeye ana miaka 19 na alikuwa ameamua kwamba maisha yake yamekwisha.

Kisha akafikiri, akaniambia kwamba ataimba tena, lakini atatoa sauti peke yake, bila picha. Kama santuri.

Kaka yangu alifurahi, akaona mambo yametengenea. Mimi nilirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima sikuwa na raha. Nilikuwa nimemsimulia habari za Siti ili asijifiche, naye akapata humo njia nzuri zaidi ya kujificha. Kama ni stara ya dini, au ni hiari yake tu, simzuii, tena nitamtetea. Lakini hakusema hivyo. Alisema anaogopa watu watasema nini kuhusu uso wake. Na hapo ndipo nilipoona nilikuwa nimemsimulia nusu. Siti hakuishi ndani ya santuri. Alirudi kutoka Bombay, akakaa mbele za watu wale wale waliomcheka, akawaimbia wakimwona. Sahani ilimpeleka mbali, lakini heshima ya mjini kwao aliipata kwa uso ule ule aliozaliwa nao.

Basi nilirudi kwake kesho yake, nikamalizia nusu ya pili. Hajanijibu.

Lakini nanyi, wasomaji, nina neno lenu. Binti huyu hakuumizwa na wageni. Walioandika maneno yale ni watu wa Malindi, Kilifi na Mombasa, wenye wake na mabinti, wenye kuhudhuria maulidi. Mnamsifu Siti kila ikitajwa taarabu, mwasema ni fahari ya Waswahili. Lau angekuja leo akaimba mbele ya simu, mfinyanzi mweusi kutoka shamba, mwenye jina la Mtumwa, ni wangapi kati yetu wangesikiliza wimbo mpaka mwisho kabla ya kuandika kitu? Nimejiuliza mwenyewe kwanza, mimi niliyevunjika moyo nilipoiona picha yake, na jibu halikunipendeza.

Na jambo dogo la mwisho. Katika majumba yetu ya zamani, Malindi, Mambrui, Takaungu, Lamu, bado kuna sahani nyeusi ndani ya makasha na juu ya makabati, zimefunikwa vumbi. Msizitupe wala msiwape watoto wachezee. Sahani za nyanya yangu zilivunjika moja moja wakati wa kuhama nyumba, hakuna aliyejali, na leo sina hata kigae. Aliye nayo aiweke mahali pa usalama, na akipata mtu mwenye mashine aisikilize.

Harusi nyingine ya ukoo wetu iko mwezi ujao, hapa hapa Malindi. Nimeomba nafasi ya kuimba iachwe wazi mpaka usiku wenyewe. Akija, mimi nitakuwa nimekaa mbele.